Mteja Aitwaye Januari

Hapa tumezoea kujadili riwaya, diwani na tamthilia. Leo naomba tujadili maandishi ambayo sijawahi kusikia mtu akiyaita fasihi: mpango wa uzalishaji. Yaani zile safu za tarehe, kilo na majina ambazo kompyuta ya kiwandani huzitoa ili watu wajue wanunue nini, lini, na waanze kazi siku gani. Nimekaa na mpango wa namna hiyo kwa siku nne, nikiusoma kwa sauti na kuutafsiri, na nimetoka pale na maswali yaleyale ninayotoka nayo kwenye riwaya nzuri. Nani anaisimulia hadithi hii? Nani hakutajwa? Na mambo yakiharibika, nani analipa?

Mahali penyewe ni Mahurunga, wilaya ya Mtwara, kusini kabisa, karibu na pale mto Ruvuma unapokwenda kuingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Bondeni watu wanalima mpunga, kwenye mchanga wa juu kuna mikorosho, na familia nyingi zina vyote viwili. Shangazi yangu yumo kwenye kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Yeye ndiye mweka hazina, kwa hiyo ndiye mwenye daftari, na tangu mwaka juzi ndiye pia mwenye kompyuta mpakato ambayo kikundi kilipewa pamoja na mafunzo ya siku chache. Ndani yake mna programu huria ya kupanga uzalishaji, ya aina ileile inayotumiwa na viwanda vya samani na vipuri. Kijana aliyewafundisha alirudi mjini. Mwongozo ukabaki, wote kwa Kiingereza.

"Wewe si unaishi kwa maneno," shangazi aliniambia kwa simu. "Basi njoo utusomee."

Wazo lililo ndani ya programu hizi ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bwana mmoja aitwaye Joseph Orlicky alikuwa akifanya kazi J.I. Case, kampuni ya matrekta huko Racine, jimbo la Wisconsin, Marekani. Viwanda vya wakati ule vilisimamia kila kipuri peke yake: ukiona boliti zimepungua kwenye rafu, agiza boliti. Orlicky akasema boliti haihitaji kubahatishwa. Kinachohitaji kukisiwa ni idadi ya matrekta ambayo watu watanunua. Ukishaipata hiyo, boliti ni hesabu tu. Trekta moja lina magurudumu kadhaa, gurudumu moja lina boliti kadhaa. Zidisha, toa zilizopo ghalani, kinachobaki ndicho cha kuagiza. Kisha rudisha tarehe nyuma: kama boliti huchukua wiki tatu kufika, agiza wiki tatu kabla. Mwaka 1975 alitoa kitabu kilichoeleza mbinu hiyo kwa kirefu, na kompyuta zilipoanza kuingia viwandani ndizo zilizoibeba duniani kote.

Nilipomfafanulia shangazi, hakuona ajabu yoyote.

"Kumbe ni kupanga shughuli," alisema.

Na ni kweli. Mtu anayepika harusini hafikirii vitunguu kwanza. Anauliza wageni ni wangapi na watakula saa ngapi. Kutoka hapo anarudi nyuma: sufuria ngapi, kuni kiasi gani, mchele uchambuliwe lini, nani atumwe mjini na siku gani. Wanawake wa Mahurunga wamekuwa wakifanya hesabu ya Orlicky kwenye unyago na misiba tangu kabla hajazaliwa. Wasichokuwa nacho ni mashine ya kuwakumbusha.

Basi tukaanza. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, msimu wa korosho ukiwa karibu kufunguka. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ametoa oda ambayo kikundi hakijawahi kuipata: kilo 100 za korosho nzima, nyeupe, ziwe zimetoka Mahurunga ifikapo tarehe 10 Desemba ili aziuze kabla ya Krismasi. Zikimpendeza, atachukua kilo 100 nyingine kila baada ya miezi miwili, mpaka Agosti. Jumla kilo 500. Akina mama walishapiga vigelegele. Shangazi peke yake ndiye aliyesema tuulize kwanza kompyuta, na nadhani alisema hivyo kwa sababu hakutaka kuwa yeye wa kwanza kuonyesha wasiwasi.

Tatizo la kwanza lilijitokeza hata kabla ya kubonyeza kitufe. Programu inadai orodha ya vitu vinavyotengeneza bidhaa. Imezaliwa kwenye matrekta, na trekta huunganishwa: vipande vingi vinaingia, kitu kimoja kinatoka. Korosho inakwenda kinyume. Kitu kimoja kinaingia, vingi vinatoka. Unachukua korosho ghafi, unaifukiza kwa mvuke, unaiacha ipoe, unaibangua moja moja, unakausha, unamenya lile ganda jembamba la ndani, kisha unachambua madaraja. Zipo nzima na zipo zilizopasuka. Hizo nzima nazo zina namba zake za kimataifa: W240 maana yake viini 220 mpaka 240 kwa ratili moja, W320 ni 300 mpaka 320. Kuna nusu, kuna vipande, kuna vumbi. Kuna maganda yenye ule utomvu mkali unaobabua vidole, ambao akina mama wanajikinga nao kwa kupaka mafuta au majivu. Na huko shambani kuna bibo lenyewe, ambalo halimo kwenye mpango wowote lakini watu wanalikamua na kunywa.

Kwa kawaida kilo moja ya viini huhitaji kilo kati ya 4 na 5 za ghafi. Kwa uzoefu wa kikundi, theluthi moja ya viini hupasuka mikononi. Kwa hiyo kilo 100 za nzima zinadai kama kilo 150 za viini, na hizo zinadai magunia 8 ya kilo 80. Sawa. Lakini zile kilo 50 zilizopasuka? Kwenye mpango wa kwanza zilikaa tu ghalani, kila oda zikiongezeka, hazina mwenyewe. Kompyuta iliziona kama mabaki. Shangazi aliziona kama mshahara. Vipande ndivyo vinavyofungwa kwenye vipakiti vidogo na kuuzwa stendi, shilingi mia tano, shilingi elfu, na hiyo ndiyo hela inayoingia kila wiki. Kwa maneno mengine, bidhaa ambayo mnunuzi wa Dar aliita kuu huleta fedha mara moja kwa miezi miwili, na ile ambayo mashine iliita mabaki ndiyo inayonunua sabuni. Ilituchukua asubuhi nzima kuifundisha programu kwamba vipande navyo ni bidhaa.

Tatizo la pili lilikuwa muda wa kungoja. Kwa kila malighafi unajaza namba moja: siku ngapi tangu uagize mpaka ifike. Kijana wa mafunzo alikuwa amejaza 14. Tukabonyeza, na mpango ukatoka safi kabisa: nunua magunia 8 Novemba, magunia 8 Januari, magunia 8 Machi, magunia 8 Mei, magunia 8 Julai.

Akina mama waliokuwa wameketi nasi walicheka. Mmoja akauliza, "Mei tutazinunua wapi, mbinguni?"

Korosho huku huvunwa kuanzia Oktoba, na ikifika Januari imekwisha au iko ukingoni. Muda wa kungoja korosho mwezi wa Novemba ni siku chache. Muda wa kungoja korosho mwezi wa Mei ni mpaka Oktoba. Hakuna namba moja inayoweza kusema mambo hayo mawili. Mwongozo unazungumza kama vile dunia ina duka lililo wazi mwaka mzima, na kwa kiwanda cha boliti pengine ni kweli.

Tukabadilisha. Tukaamuru ununuzi wote ufanyike ndani ya msimu. Mpango mpya ukatoka na mstari mmoja wa kutisha: magunia 40, yote Novemba. Kilo 3,200. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo, ambayo minada ya msimu wa 2024 iliivuka, hiyo ni shilingi milioni 12 na laki 8, zilipwe kabla kiini kimoja hakijauzwa. Sanduku la kikundi halikuwa na robo ya fedha hizo. Hapo nikaelewa jambo ambalo nimeliandika magazetini mara nyingi bila kulitazama usoni: kwa nini sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa na ganda lake, ikabanguliwa India na Vietnam. Wabanguaji wetu wana mikono na wana ujuzi. Kinachowashinda ni kununua mwaka mzima ndani ya miezi mitatu.

Kisha lipo swali la unanunua kwa nani. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na siku hizi mnada wenyewe uko kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Mfumo huu uliletwa kwa sababu nzuri. Kabla yake, na kwa kificho hata leo, kulikuwa na kangomba: mtu anakuja Julai, wakati ndani hamna kitu, anakupa fedha kidogo au debe la unga, nawe unamlipa korosho msimu ukifika, zikipimwa kwa chombo kinachoitwa kilo na kumbe kinabeba zaidi ya kilo. Kangomba imepigwa marufuku na inastahili. Lakini matokeo yake ni kwamba mama wa kikundi hawezi kusimama uani na kumwambia jirani yake "niuzie gunia lako". Jirani akikubali, wote wawili wamevunja utaratibu. Kikundi kinahitaji kibali, au kinunue kwa njia rasmi kwa bei ya mnadani, kikishindana na watu wenye meli. Kwenye programu, kitufe kimeandikwa "agiza". Ni neno dogo sana kwa shughuli yote hiyo.

Siku ya tatu tulifika kwenye ukurasa wa uwezo wa kazi. Hapa programu inataka kujua una watu wangapi na wanafanya kazi saa ngapi. Kijana alikuwa amejaza siku 26 kwa mwezi, saa 8 kwa siku. Nikasoma kwa sauti. Kimya. Kisha shangazi akachukua daftari lake la mistari, lile lenye jalada lililofungwa kwa uzi, akaanza kunihesabia.

Desemba mvua zinaanza, watu wanashuka bondeni kwenye mpunga. Toa siku. Fulani amejifungua. Toa. Fulani anamuuguza mama yake mjini. Toa. Likizo ya shule ina shughuli za watoto. Toa. Misiba hatuijui tarehe, lakini haijawahi kupita miezi miwili bila msiba, na msiba si chini ya siku tatu. Toa. Kwenye daftari kulikuwa na kurasa nyuma za Oktoba 2020, wakati wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado walipovamia Kitaya, kijiji cha mto huuhuu. Wiki kadhaa hazikuandikwa chochote. Hakunieleza na sikumuuliza.

"Weka siku 16," alisema mwishowe.

"Shangazi, 16 ni chache. Mnunuzi akiona..."

"Mnunuzi haoni hapo. Pale tunajiona wenyewe. Weka 16."

Niliweka 16. Programu ikafikiri kidogo, kisha mstari wa tarehe 10 Desemba ukageuka mwekundu. Kilo 100 zingekamilika tarehe 27, siku mbili baada ya Krismasi. Ifikapo tarehe 10 zingekuwa kilo 50 na ushee.

Hapa naomba msomaji anivumilie nitoke Mahurunga kidogo, maana usiku ule sikulala vizuri, na nilichokuwa nakiwaza ni mipango mikubwa ambayo Kusini imewahi kupangiwa.

Wa kwanza ni Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Mahitaji yalikuwa ya kweli kabisa. Wapangaji wakarudi nyuma kutoka kwenye mahitaji hayo, kama Orlicky angefanya baadaye: tani kadhaa za mafuta, kwa hiyo tani kadhaa za karanga, kwa hiyo zaidi ya ekari milioni 3 za pori la Afrika Mashariki, sehemu kubwa zaidi ikiwa huku Kusini, kwa hiyo bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea. Hesabu ilikuwa nzuri. Ila namba za kuingiza zilitoka mezani: mvua kiasi gani, udongo unakuwa mgumu vipi kiangazi, mizizi ya pori inavunja matrekta mangapi. Januari 1951 mpango ukatangazwa kufa, na paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bandari ipo mpaka leo. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka huohuo wa 1951 ndipo Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea hewani. Najua hakuandika kuhusu karanga. Lakini kila nipitapo Nachingwea naikumbuka nchi ile.

Mpango wa pili ulikuwa wetu wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua: Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Tunduru na kwingineko, mpaka vikawa 12. Safari hii ugavi ulikadiriwa kwa kutazama nyuma, kana kwamba mkorosho hautegemei mtu. Wakati kuta zinapanda, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ya mkulima ilikuwa haimshawishi kufyeka, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa kama tani 17,000. Viwanda vilikuwa na mashine za Italia na Japani, na havikuwa na korosho. Vingine baadaye vikageuzwa maghala.

Na ya tatu ni 2018, ambayo wengi wetu tunaikumbuka. Msimu uliotangulia ulikuwa mzuri, zaidi ya tani 300,000, bei ikavuka 4,000. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja mnadani na bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuisomba. Bei ilikuwa ya heshima kuliko ile ya mnadani. Lakini kununua ni nusu ya mpango. Nusu ya pili ni nani atachukua, na lini. Kukawa na uhakiki wa nani ana shamba na nani ni kangomba, malipo yakavuka mwaka, na korosho zikakaa maghalani.

Ninaweka mipango hii mitatu pamoja kwa sababu ya neno moja nililolikuta kwenye mwongozo wa shangazi: akiba ya tahadhari. Ni kile kiasi unachokiweka pembeni kwa sababu unajua hujui. Wataalamu wa viwanda wana kanuni kuhusu hilo. Wallace Hopp na Mark Spearman, waandishi wa Factory Physics, wanasema mashaka yoyote yaliyomo kwenye kazi lazima yakae mahali, na mahali ni patatu tu: yatakaa kwenye mali iliyorundikwa ghalani, au kwenye muda, yaani mteja angoje, au kwenye uwezo wa ziada, yaani watu na mashine wasio na kazi kila siku. Usipochagua, yatachagua yenyewe. Kanuni hiyo haijali kama wewe ni Toyota au ni akina mama wa Mahurunga.

Mimi ningeongeza mahali pa nne, kwa yale niliyoyaona huku. Mashaka yanaweza kukaa kwa mtu ambaye hayumo kwenye mpango. Viwanda vilipokosa korosho, benki ilikuwa na mkataba wake. Malipo yalipochelewa, aliyengoja ni mkulima, na alingoja kwa kupunguza chakula, kuuza bati, kumtoa mtoto shule, kumfuata yuleyule mtu wa kangomba Julai. Hakuna safu ya kompyuta iliyoonyesha akiba hiyo ikipungua. Kwa wapangaji, mambo yalikuwa yanaendelea tu, kwa kuchelewa kidogo.

Ndiyo maana siku ya nne shangazi aliponipa kazi ya mwisho, sikucheka kama nilivyotaka kucheka.

"Kuna mteja hujamwandika," alisema.

"Nani?"

"Januari."

Nikadhani ni mtu. Akanieleza. Januari shule zinafunguliwa. Ada iliondolewa, sawa, lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala madaftari, wala michango. Kila mwaka ifikapo Januari akina mama wanakuja kwake wakitaka hela ya kikundi, naye kila mwaka anawapa, kwa sababu ni watoto. Hela hiyo ndiyo iliyokuwa ya kununulia korosho. Halafu mwezi wa tatu kikundi kinasimama, na wafadhili wakija wanaandika kwamba akina mama hawana nidhamu ya fedha. "Sasa huyu anakuja kila mwaka, tarehe ileile, anachukua kiasi kilekile. Kama si mteja ni nani? Mwandike."

Programu haina mahali pa sare za shule. Ina wateja, oda, tarehe na kiasi. Basi tukafungua ukurasa wa wateja, jina: Januari. Anwani tukaacha wazi. Tukaandika oda yake kwa vipakiti vya vipande vya kuuzwa stendi, idadi ambayo fedha yake ingetosha watoto waliomo kwenye daftari, iwe tayari ifikapo wiki ya kwanza ya mwezi. Tukabonyeza. Mashine ikampokea bila swali, ikarudi nyuma kwenye tarehe, ikatenga magunia yake, ikamgawia siku zake za kazi. Kwa mara ya kwanza Januari ilikuwa na akiba yake yenyewe, mbali na fedha ya korosho za mwaka.

Na kwa sababu sasa alikuwa anaonekana, ikaonekana pia kwamba oda ya Dar haiwezekani kama ilivyoletwa. Magunia 40 yakawa ndoto. Kwa fedha iliyopo, kibali kikipatikana, kikundi kingeweza magunia 9 msimu huu: manne ya mnunuzi, matatu ya Januari, na mawili ambayo shangazi alikataa kabisa kuyapangia kitu.

"Hayo ni ya nini?" kijana mmoja wa pale aliuliza.

"Ni ya lile tusilolijua."

Haikupita bila maneno. Mama mmoja, mdogo kuliko wengine, alisema waziwazi kwamba wanaifukuza bahati. Kwamba wakubwa wote walianza kwa kuahidi kisha wakakimbizana na ahadi. Kwamba mwenye kusubiri awe tayari husubiri mpaka anazeeka, na yeye hataki kuzeekea kwenye vipakiti vya mia tano. Hakuwa anaropoka. Nawajua watu waliotoka kimaisha kwa njia hiyohiyo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, tukikosa tarehe ya watu, mwaka kesho nani atatupigia simu? Na tukiwanyima watoto ili tusikose tarehe, kesho kutwa wewe utakuja kubangua? Yule mama hakujibu, na sidhani kama alikubali. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ilipita kwa tofauti ya mikono mitatu.

Shangazi akampigia mnunuzi mbele yetu, simu ikiwa wazi watu wote wasikie.

"Mwanangu, tarehe 10 nitakupa kilo 50. Hizo 50 nyingine nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Kule upande wa pili kukawa kimya kirefu. Kisha mnunuzi akasema wengine wamemwahidi 200. Shangazi akamwambia amshukuru Mungu. Mnunuzi akasema atafikiria, akakata.

Alipiga tena baada ya wiki mbili, mimi nikiwa nimesharudi. Alichukua hizo 50. Zilitoka Mahurunga tarehe 9, nikaambiwa, kwenye basi la asubuhi. Kuhusu Februari hakusema lolote, na magunia ya Februari hayakununuliwa. Hiyo ndiyo hali ilivyo wakati naandika. Sijui kama mwaka ujao watafika magunia 40, na sioni programu gani itakayowafikisha bila mtu wa kuwakopesha fedha ya msimu kwa masharti ya kibinadamu. Hilo ni deni la benki na la wenye mamlaka ya korosho, na halilipwi kwa kuwagawia akina mama kompyuta.

Ila nimeanza kuwa na tabia mpya kazini. Nikiletewa mpango, uwe wa kiwanda, wa gesi au wa zao lolote, sitafuti tena ukurasa wa malengo. Natafuta akiba ya tahadhari ilipowekwa. Mara nyingi haipo popote, na hapo huwa napiga simu kijijini kuuliza. Shangazi naye bado anatunza vyote viwili. Kompyuta ina tarehe na kilo. Daftari lina nani amejifungua, nani ana mgonjwa, nani amegombana na nani. Kila Jumamosi anahamisha namba chache kutoka daftarini kwenda kwenye mashine, na nimemwuliza kama kuna siku anahamisha kutoka mashine kwenda daftarini. Alisema hapana, huko hakujawahi kuwa na kitu asichokijua.